Siku Eliakim Alipofundishwa Kukataa

Katika mji wote wa Blaine, hapa Minnesota, na ukitaka weka na Brooklyn Center juu yake, hakuna mtu anayeyajua mapenzi kunishinda mimi. Nimeolewa mara mbili. Mume wa kwanza alitoka kwenda kununua betri za redio, na nadhani mpaka leo bado anachagua. Wa pili nilimfukuza mwenyewe, ila nilipomfukuza nilikuta ameshahama. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri, maana mnafundishwa na bingwa.

Mimi ni dada mkubwa wa Eliakim. Aliniita Minnesota nimsaidie kulea mabinti wake wawili mkewe alipofariki. Mabinti wakakua, na hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Watu wote huniita Shangazi, hata kijana wa kuleta vifurushi mlangoni.

Binti mkubwa ni Nkatha. Alizaliwa Minneapolis, pasipoti yake ni ya Marekani, lakini hasira yake ni ya Meru na haikusimamishwa forodhani. Alisoma unesi, akakaribia kumaliza, akaacha. Akahamia chumba kimoja kule mtaa wa Phillips akaandika riwaya. Kwetu sisi huku, mtoto akiacha unesi ni kama ameacha wokovu. Riwaya ikachapishwa, Wazungu wakaipenda, wakampa tuzo, wakamweka kwenye televisheni. Kanisani watu wakimuuliza Eliakim binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Mambo ya kompyuta," kisha akauliza kama theluji itaanguka.

Halafu akaja Nshuti Habiyaremye. Huyu ni meya wa Pelican Creek, mji mdogo karibu na Brooklyn Center ambao ukipiga chafya ukiwa kwenye gari umeshaupita. Alifika Marekani akiwa mtoto mkimbizi kutoka Uvira, yeye na mama yake Vestine, na alipokuwa mkubwa akasema ofisi za mji zimeoza na yeye atazisafisha. Alizisafisha kweli. Akakataza wakubwa kupokea zawadi. Akafungua milango ya mikutano. Akawa anatangaza kwenye mtandao kila mtu aliyekutana naye na nani alimnunulia kahawa. Watu wakamwita Meya wa Kweli. Yeye ni mrefu, mweusi wa kupendeza, na akikutazama unahisi umeulizwa swali na umesahau jibu.

Alipoonana na Nkatha mara ya kwanza ilikuwa maktaba ya mji wake. Nkatha amekuja kusoma kitabu chake mbele ya watu, meya anasimama kumkaribisha. Akamgeukia amtaje, wakatazamana, jina likamtoka kichwani. Na jina lenyewe lilikuwa limebandikwa ukutani nyuma yake kwa herufi kubwa kama mlango. Nkatha alinisimulia jambo hilo huku akiosha sahani ileile mara tatu, nami nikajua tumekwisha.

Basi Jumamosi moja watu wa Nshuti wakaja kumwomba Nkatha.

Ilikuwa Aprili na theluji imekataa kuondoka. Magari yakajaa mbele ya gereji mpaka Fiona, mdogo wake Nkatha, akaanza kulalamika. "Shangazi, wame-park nyuma yangu wote. Nitatokaje kwenda shifti?" Nikamwambia leo wazee wa nyumba ya wagonjwa watajigeuza wenyewe.

Wageni wakavua viatu mlangoni, wanawake na nguo zao nzuri zilizofungwa begani, wanaume na suti. Msemaji wao alikuwa Sosthène, baba mkubwa wa Nshuti, mzee mwembamba mwenye kofia na fimbo aliyoibeba kwa ajili ya siku hiyo tu, maana anatembea kunishinda. Kando yake akaketi Mama Vestine, mgongo umenyooka. Nshuti akawekwa kwenye kochi katikati, mikono magotini, kimya kama desturi yao inavyotaka.

Sasa, mimi nilikuwa nimemwandaa Eliakim kwa majuma. Moyoni alikuwa hampendi huyo meya, nitawaambia kwa nini, na huo uandishi alikuwa haupendi zaidi. Lakini nilimkalisha chini nikamwambia, "Eliakim, siku hiyo wewe una maneno matatu tu. Karibuni. Yupo. Tule. Hasira yako iweke gereji pamoja na mashine ya kukata majani." Akaapa atafanya hivyo.

Sosthène akasimama, akakohoa, akaegemea fimbo.

"Papa Eliakim," akasema, "miye naitwa Sosthène. Sisi tunatoka mbali sana. Tulikuwa na ng'ombe mmoja muzuri, akapotea katika milima. Tukafuata nyayo zake, tukapita mito, tukapita baridi hii yenu, na nyayo zikatuleta mpaka—"

"Karibuni sana," Eliakim akasema. "Msichana yupo. Sisi hatuna neno. Tuombe tule."

Na akafumba macho ili aombe.

Sosthène alibaki na mkono hewani na ng'ombe wake mlimani. Yule mzee alikuwa amejitayarisha kwa maneno ya saa nzima, na amekatwa kabla hajafika ziwa Tanganyika. Wanawake wakatazamana. Mama Vestine akainama kwa jirani yake, na kwa sababu masikio yangu ni mazima nikamsikia: "Wanamutupa mtoto wao."

Kisha akasema kwa sauti. "Papa Eliakim, pardon. Binti iko na shida gani?"

Eliakim akafumbua macho. "Shida? Hana shida."

"Mutu hatoe binti mbio hivi. Hata mbuzi tunabishana kwanza."

"Mama, mimi nimewapa heshima."

"Heshima ya namna gani hii? Hata jina la mtoto wangu hamukuuliza."

"Jina lake liko kwenye mabango mji mzima," Eliakim akasema, na nikaona shingo yake imeanza kuvimba. Nikaondoka haraka nikaenda jikoni.

Huko nako moto. Nkatha amesimama katikati ya masufuria, amevaa gauni la kijani ambalo lingemfaa malkia, na macho yake hayakufaa kutazamwa.

"Umesikia, Shangazi? Amenitoa kama ile sofa watu wanaweka kando ya barabara, wanaandika chukua bure."

"Hata sofa hunyeshewa kwanza," Fiona akasema.

"Fiona, nyamaza."

Mlango wa gereji ukafunguliwa, akaingia Nshuti. Alikuwa amewaambia wageni anatafuta choo. Kwa desturi yao hakutakiwa kumwona bibi arusi wakati huo, na kwa desturi yetu hakutakiwa kuonekana jikoni wakati wowote.

"Ni kosa langu," akasema. "Kwetu wenye binti hukataa kwanza. Husema hawamjui, au ameshaolewa, au hawawezi kumpa mtu wa ukoo wetu. Wanatusimanga kidogo, msemaji wetu anajibu, watu wanacheka. Wanavyozidi kukataa ndivyo binti anavyozidi kuonekana wa thamani. Baba yako amekubali kabla mzee hajakaa vizuri. Mama anaona wanakusukumia kwetu."

"Na ulikuwa unangoja nini kutuambia?" Nkatha akauliza.

"Nilidhani kila mtu anafanya hivyo."

"Wewe. Wewe unayeutangazia mji mzima nani alikununulia kahawa, hili moja ukalinyamazia."

"Nkatha, nilikuwa na wiki ngumu."

"Kila wiki ni ngumu. Jumatatu mabomba yamepasuka. Jumanne theluji. Jumatano wenye mbwa wanataka uwanja. Niambie mimi niko siku gani, nije nipange foleni nyuma ya mbwa."

"Na wewe je?" Sasa na yeye alikuwa amepandisha. "Nilikuja Phillips usiku wa baridi ile kali, nikabonyeza kengele, ukaniambia kwenye spika nirudi ukimaliza sura."

"Ilikuwa sura ngumu."

"Na mabomba yalikuwa magumu."

Walikuwa wamesogeleana bila kujua, Nshuti amemwinamia, Nkatha ameinua kidevu, na katikati yao pangeweza kuchemka sufuria ya chai bila jiko. Nshuti akanyoosha mkono akamgusa kidogo kwenye paji, pale kilemba chake kinapoanzia.

"Usinishike," Nkatha akasema. Hakusogea.

Fiona akageukia sinki. Mimi sikugeuka popote, nilikuwa nimesimama mahali pazuri.

"Unajua kwa nini nilikupenda?" Nkatha akasema, na sauti ikashuka. "Watu huniambia wamekinunua kitabu changu. Wengine wameona kwenye televisheni. Siku ile maktaba wewe ulisema umekisoma mara mbili. Nikajiambia, basi, kuna mtu mmoja. Kwa hiyo leo usiniache niende kama sofa."

"Mara mbili," Nshuti akasema, na akaanza kutazama mlango wa friji kana kwamba kuna habari mpya zimebandikwa hapo.

Nikamwacha asome friji. Nikarudi sebuleni, nikamwinamia Eliakim sikioni, nikamwambia kwa Kimeru.

"Eliakim. Kataa."

"Nini?"

"Ndiyo desturi yao. Wakatalie. Wagombeze kidogo."

Akanigeuzia uso polepole. "Dada, majuma yote haya umenifundisha kunyamaza."

"Leo nimebadilisha somo. Kataa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama unavyokataa kikombe cha pili cha chai."

Mungu anisamehe. Mtu ukimziba mdomo muda wote huo halafu ukamfungulia, usitegemee atoe tone.

Nshuti alikuwa amerudi kwenye kochi. Eliakim akasimama, akavuta koti, akawatazama wageni mmoja mmoja.

"Nimekumbuka vizuri," akasema. "Mimi sina binti."

Sosthène akainuka kama kijana. Uso ulimng'aa. "Papa, tuliona nyayo zake katika theluji, hapo mlangoni."

"Hizo ni za mleta vifurushi."

Wageni wakacheka. Hata Mama Vestine akalegeza mgongo.

"Mleta vifurushi haweze kuwa na mguu muzuri vile," Sosthène akasema.

"Hujamwona wa Blaine." Wakacheka zaidi. Nikaanza kupumua. "Na hata ningekuwa na binti," Eliakim akaendelea, "nisingempa meya."

"Meya ana ubaya gani, Papa?"

"Nikueleze. Nilikuwa na nyumba Pelican Creek. Nilitaka kuifanya nyumba ya kutunza wazee, kazi niliyoifanya tangu nifike nchi hii. Nikaenda mbele ya baraza lao. Jambo langu lilipoitwa, huyu kijana aliyekaa hapa akasimama, akatoka nje. Akaenda kusimama kwenye korido karibu na mashine ya soda. Wenzake wakanikataa, na yeye anaangalia soda. Mtu niliyemlisha meza hii Krismasi."

Sosthène akapiga makofi kwa furaha. "Huyu mzee anajua kazi. Mumesikia? Mashine ya soda."

"Sifanyi mchezo," Eliakim akasema.

"Hivyo ndiyo wanasemaka wale wenye wanajua."

"Nasema sifanyi mchezo."

"Ajabu," Sosthène akamwambia jirani yake. "Kwetu hatuna tena wazee wa kukataa namna hii."

Lakini Nshuti alijua si mchezo. Akavunja desturi, akafungua mdomo. "Baba, nilitoka kwa sababu hiyo ni kanuni niliyoiweka mwenyewe. Nisingeweza kukaa kwenye jambo la baba wa mchumba wangu."

"Ungekaa ukanyamaza."

"Nikikaa nikanyamaza, huo nao ni uongo."

"Basi oa kanuni yako. Sitadai hata mbuzi."

Mtu mmoja nyuma bado alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Nilimvuta Eliakim koti kwa nyuma. Ilikuwa kama kuvuta mti.

"Na huyo binti mnayemtaka," akasema, "nitawaambia habari zake. Nimegeuza wagonjwa vitandani shifti mbili kila siku, mpaka mgongo huu ukakataa kulala, ili yeye awe nesi. Akaacha. Akaacha ili akae chumbani aandike uongo. Watu ambao hawapo, wanasema maneno ambayo hawakusema. Kila mtu ananiuliza, Eliakim, umekisoma? Sijakifungua. Wala sitakifungua. Mimi sina binti anayeandika."

Mama Vestine akainuka. Akachukua mkoba wake, akaufunga zipu taratibu.

"Twende," akasema. "Hii haiko desturi tena. Hii ni kweli."

"Vestine, ngojea," Sosthène akasema.

"Sitangojea. Mtoto wangu nilimvusha ziwa mgongoni, na bunduki nyuma yetu. Sikumuvusha ili aombe bibi kwa mutu anayekana damu yake. Kama baba anasema hana binti, sisi tulikuja kuomba nani?"

Wanawake wakaanza kusimama. Mlangoni watu wakawa wanatafuta viatu. Na ndipo Nkatha akatoka jikoni.

Hakufunikwa, hakusindikizwa, hakuna aliyempigia vigelegele. Alikuja peke yake na gauni lake la kijani, na aproni bado kiunoni, akasimama mbele ya baba yake. Nshuti alimtazama kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua na bado akaiona nzuri.

"Baba," akasema, "kama ni kunikataa, nikatae nikiwepo."

"Rudi jikoni. Haya ni mazungumzo ya wazee."

"Kutoolewa leo hakutaniua. Nimezoea kukaa peke yangu. Lakini umesema mbele ya wageni huna binti anayeandika. Rudia. Rudia ukinitazama."

Eliakim alitazama dirisha.

"Nimeshasema."

"Umeliambia dirisha. Kanisani unawaambia kompyuta. Nilipopewa tuzo nilikuwekea kiti mstari wa mbele, kikakaa na koti la mtu nisiyemjua. Miaka yote hii nasubiri neno moja, hata baya. Hata useme ni kibaya, Baba, nitajua umekigusa."

"Sikukuleta duniani uandike."

"Hukunileta duniani nigeuze wagonjwa pia."

"Usiidharau kazi iliyokulisha."

"Siidharau. Nasema haikuwa yangu."

Shingo zote mbili zilikuwa zimevimba namna moja. Ukitaka kujua kama mtoto ni wa mtu, usipime damu, wagombanishe.

Mama Vestine alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Nikaona akivaa cha pili mambo yameisha, na huyu mtoto atarudi Phillips peke yake, hana mume, hana baba. Hapo akili yangu ikafanya kazi peke yake, kama kawaida, bila kuniomba ruhusa.

"Ngojeni," nikasema. "Mama Vestine, weka mkoba. Upande wetu haujamaliza kukataa. Bado mtihani."

"Mtihani gani?" Sosthène akauliza, na matumaini yakamrudia usoni.

"Ni desturi yetu kubwa sana." Hakuna desturi kama hiyo popote Meru, niliitunga nikiwa nimesimama pale. "Bwana arusi huulizwa swali moja juu ya kazi ya binti. Kama binti ni mkulima, anaulizwa shamba. Huyu ameandika kitabu. Basi meya atueleze mbele ya wote kitabu kinaishaje. Akijua, tumekubali. Asipojua, viatu vyenu viko hapo."

Eliakim akanikodolea macho. Nkatha akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu kidogo, kwa sababu alidhani nimempa mchumba wake swali jepesi kuliko yote duniani. Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Akamgeukia Nshuti, mikono ameikunja kifuani, akamngoja.

Nshuti akasimama. Akarekebisha tai, na tai ilikuwa sawa.

"Kitabu," akasema, "ni kizuri mno."

"Mwisho, mwanangu," nikamwambia.

"Mwishoni." Akashika tai tena. "Mwishoni wanapatana. Yule mwanamke na yule bwana. Baada ya shida zote zile. Wanaoana. Kuna harusi."

Mimi kitabu sijakisoma. Ni cha Kiingereza na ni kinene, na shule yangu iliishia la saba. Kwa hiyo nilisoma uso wa Nkatha. Lile tabasamu dogo lilikaa pale lilipokuwa, lakini mwenyewe alikuwa ameliacha akaondoka.

"Nshuti," akasema. "Umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Mara mbili?"

"Mara moja."

"Chote?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile ya kwanza," akasema Meya wa Kweli. "Nkatha, siku ile maktaba ulinitazama, nikatafuta neno la kukufanya usiondoke, nikapata hilo. Halafu kila siku nikasema leo nitamaliza, na kila siku mabomba."

"Mwaka mzima umenitazama machoni."

"Macho hayo ndiyo yaliyonifanya—"

"Usimalizie." Alifungua aproni, akaitupa juu ya kochi pale Nshuti alipokuwa amekaa. "Mama Vestine, nisubiri tutoke pamoja, gari langu limezibwa na lenu. Nyumba hii kuna mtu asiyetaka kukifungua na mwingine aliyekifunga katikati. Sijui nimkasirikie nani kwanza."

Nshuti akamfuata hatua moja. Eliakim akamkata njia. Ndugu yangu alikuwa na furaha ile mbaya, furaha ya mtu aliyeshinda kesi aliyokuwa ameshaikatia tamaa. Alimnyooshea meya kidole.

"Mwongo. Si niliwaambia? Anatangaza hata kikombe cha kahawa, kumbe mwongo. Harusi gani? Kitabu kile hakina harusi hata moja. Yule bwana anaachwa stesheni ya basi na sanduku lake. Mwanamke anarudi kwa baba yake asubuhi, baada ya miaka yote ile, anamkuta anakoroga uji. Na yule mzee haulizi ulikuwa wapi. Hasemi pole, hasemi karibu, hajui kusema. Anachukua bakuli la pili, analiweka mezani. Basi. Bakuli la pili, ndipo kinaisha. Mtu mzima ukifika hapo lazima ufunge ukae kimya kidogo, labda uwe jiwe, na wewe unatuletea habari za harusi."

Mama Vestine alikuwa ameinama, kiatu cha pili mkononi, hakukivaa. Eliakim akatazama huku na huku akingoja watu wamuunge mkono, na akaona hakuna anayemtazama meya. Wote wanamtazama yeye.

"Baba," Nkatha akasema, polepole sana. "Umesema hujakifungua."

"Sijakifungua."

"Bakuli la pili liko ukurasa wa mwisho kabisa."

"Niliona kwenye jalada," Eliakim akasema. "Wameandika hapo kwenye jalada."

"Eliakim," nikamwambia, "jalada lina picha ya ndege peke yake."

Ndugu yangu akanitazama mimi, akatazama dari, akamtazama binti yake na akashindwa kumtazama. Mwisho akamgeukia Nshuti, kwa macho ya mtu anayeomba msaada kwa mwongo mwenzake.